Ndiyo Iliyoniponza

Majengo, Nyeri
Jumapili, baada ya ibada

Dada Wakesho,

Hujambo, na shemeji hajambo? Yule mdogo ameacha kukohoa? Mimi ni mzima wa mwili, ila baridi ya huku imenipasua midomo hata kucheka kunauma, na afadhali siku hizi sina la kunichekesha. Barua yako ya kuniuliza nasafiri lini niliipata, nikakaa nayo wiki mbili bila kujibu. Usikasirike. Sisafiri, dada. Kazi ya Uingereza nimeikosa, na jinsi nilivyoikosa ni aibu tupu, lakini heri uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Unakumbuka yule mama Mzungu niliyekuandikia habari zake, aliyeshuka kutoka Nanyuki akalala hotelini kwetu siku tatu, na asubuhi zote tatu akaagiza mahamri yangu? Kaka yake ana hoteli huko kwao na anatafuta mpishi. Basi huyo kaka mtu aliandika kwamba atanihoji kwa simu, Alhamisi saa kumi na moja jioni, kwenye simu ya mapokezi, ile ambayo meneja ameitia kufuli dogo ili wafanyakazi tusipige. "Kupokea hakuna kufuli," akasema meneja wetu, Bwana Gichuki. Siku hiyo nilimwona mtu mwema sana.

Nilikuwa na wiki tatu za kujitayarisha. Chumba changu hapa Majengo kinatazamana na cha Mwalimu Athumani, mzee mstaafu ambaye Kiingereza chake husifiwa mtaa mzima, hasa na wasiokijua. Alikubali kunifundisha. Akatundika shuka mlangoni, yeye akakaa ndani na mimi kibarazani. "Yule hatakuona," akasema, "basi na mimi sitaki kukuona." Kila jioni nikitoka zamu tulianza. Nikiulizwa swali nikatikisa kichwa tu, kama tunavyofanya sote, aligonga mlango kwa bakora: "Kichwa hakisikiki kwenye simu! Sema!" Majirani walitoa vigoda vyao nje wakawa wanasikiliza.

Kisha akanipa kanuni, na kanuni hiyo ndiyo ninayoitafuna mpaka leo. "Mwajiri hapendi mtu wa la," aliniambia. "Swali likikujia, tanguliza 'yes'. Baada ya 'yes', weka 'sir'. Baada ya 'sir', funga mdomo. Mwenye maneno mengi huonekana ana la kuficha." Nikaishika kanuni. Nilikuwa nakanda unga huku nasema "yes, sir", mpaka wenzangu jikoni wakanibandika jina la Yesi.

Alhamisi nikavaa koti la kuazima na tai, kwenda kuongea na mtu asiyeniona. Wangari wa mapokezi akanicheka. "Kwani utaingia ndani ya hiyo simu?" Ikalia. Sauti ya Mzungu ilikuwa ndogo na ya mbali, lakini nilimwelewa, dada, hilo usilitilie shaka. Aliuliza juu ya mapishi, juu ya usafi, juu ya miaka niliyofanya kazi, na yote nilijibu sawasawa. Halafu akauliza kwa upole, kama jambo la kupitia tu: hujawahi kufukuzwa kazi kwa wizi? Nikasema, "Yes, sir." Akauliza tena, neno kwa neno. Nikadhani hasikii, nikapaza sauti hata wageni waliokuwa wakinywa chai wakageuka: "Yes, sir!" Akanishukuru kwa kuwa mkweli. Nilirudi jikoni nimejaa furaha, nikawaambia wote kwamba Mzungu amenisifu.

Hebu niambie wewe. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, si unajibu ndiyo? Ndiyo, sijala. Tumesema hivyo tangu tujue kusema. Kumbe Kiingereza hakiendi hivyo. Yule bwana alisikia kwamba ndiyo, nimewahi kufukuzwa kwa wizi, na tena alisikia mara mbili.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, wala halikuja kwangu. Alimwandikia meneja, kumshukuru kwa simu na kumtahadharisha. Bwana Gichuki akaniita ofisini. Wangari alikuwepo akipanga mafaili.

"Mwakio, wewe uliiba wapi?"

"Sijaiba popote, bwana."

"Ati hujaiba? Si ni wewe ulimwambia huyo Mzungu? Hapa kwa barua ameandika aliuliza mara mbili na ukakubali mara mbili. Niko na mwizi kwa jikoni yangu na mimi sijui?"

Wangari ndiye aliyeelewa. Akajishika mdomo. "Alikuuliza kama hujawahi? Hapo ungesema 'no', Mwakio."

"Nikatae vipi, na ni kweli sijaiba?"

"Hiyo kukataa ndiyo kusema hujaiba! Kizungu iko hivyo."

Nilimwomba meneja aandike Uingereza awaeleze. Alisema hawezi kutia sahihi jambo asilolijua, na kwamba hata mwizi angejitetea vivyo hivyo. Hilo limenichoma kuliko kuikosa kazi. Miaka minne nimeshika funguo za stoo yake bila kupungua hata kijiko. Sasa amezichukua, na jioni Kariuki wa getini, ninayekula naye githeri sahani moja, ananiambia, "Fungua begi, ndugu. Si mimi, ni amri ya mkubwa." Nafungua. Ndani huwa mna aproni chafu tu.

Mwalimu Athumani nilimwendea na hasira za kumvunjia bakora yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilikufundisha kujibu. Kusikia swali ni kazi yako." Siku hizi hatusalimiani. Najua na mimi nilikosa, lakini Mzungu yuko mbali, na lazima nipate mtu wa karibu wa kumchukia.

Mwambie mama kazi amepewa mwingine, ukomee hapo. Najua alishasimama kanisani akatangaza, na sitaki asimame tena. Nisalimie mjomba Mwadime, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi Mghoi wa mafuta ya taa, na yule binamu anayesomea ualimu. Shemeji mwambie koti lake la mvua ndilo linaloniokoa huku.

Habari hizi zitafika huko, maana hapa kazini wapo watu wa kwetu, na zitafika zimenenepa. Kila aliyeniuliza nimemjibu, na kila mmoja amenitazama usoni kwanza kabla ya kusema pole. Wewe ndiwe uliyenilea. Nakuuliza, dada: huamini kwamba niliiba? Usinijibu ndiyo, wala usinijibu la. Niandikie sentensi nzima.

Mdogo wako,
Mwakio