Boila ya Bafuni na Kiwiko cha Bi Time

Jumamosi, 3 Oktoba 1959

Kabla ya kazi nimekwenda tena bafuni kuitazama boila. Ipo. Inaguna kidogo. Nyumba hii ya serikali tumepewa mwezi uliopita. Mzungu aliyekuwamo karudi kwao, katuachia tangi la maji moto lenye gurudumu dogo la namba, 100 mpaka 180. Karatasi ya maelezo hakuiacha.

Skuli tulifundishwa maji huchemka kwenye mia. Basi hizo themanini za juu ni za nini? Na Mize mke wangu alipopata homa, hospitali walisema ana mia na mbili, wala hakuchemka. Sielewi. Nimeweka 100. Na Chake Chake nzima wananiita karani msomi.

Jumapili, 4 Oktoba

Siku ya tano tangu Mize ajifungue. Mama yake, Bi Time, amekuja kutoka Ole kumkanda mpaka arubaini itimie. Leo amelalamika. Si kwangu, haiwezekani. Mtu na mama mkwe wake hawazungumzi mambo ya bafuni. Amemwambia Mize, Mize akaniambia mimi: maji haya ni ya kunawia mikono, mzazi akikandwa nayo tumbo halirudi. Na mimi nilikuwa chumba cha pili, nimesikia kila neno. Nimeona haya na nimekasirika, sijui kipi zaidi.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimemkamata fundi wa umeme sokoni. Amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe namba zile ni za kipimo kile kile cha homa, si cha skuli. Kwa kipimo hicho maji huchemka kwenye mia mbili na kumi na mbili! Niweke 120, kasema. Nikifika 140 yanababua ngozi, na umeme unateketea bure kwa joto ambalo hakuna atakayeliogea.

Nimeweka 120. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje?

Jumatano, 7 Oktoba

Jioni nimekuta 160. Sikuigusa mimi. Nimerudisha.

Alhamisi, 8 Oktoba

160 tena. Mize hajui kitu. Bi Time siwezi kumuuliza. Labda kifaa kibovu. Labda fundi ni mwongo. Labda gurudumu linajizungusha lenyewe likipata joto. Nimewaza hata shetani, mimi msomi. Nimeiacha hapo hapo nione kesho itakuwaje.

Ijumaa, 9 Oktoba

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Asubuhi bado ilikuwa 160. Nikairudisha 120. Kisha nikamwambia Mize, kwa kiburi changu, kuwa maji sasa ni salama, amjazie mtoto moja kwa moja kutoka bombani. Hakuna haja ya kuzimua kwa maji baridi, namba imeshazimua. Ndivyo nilivyosema. Mize akajaza beseni. Rukia, siku kumi tu duniani, yumo mikononi mwa bibi yake, hana hata kitambaa mwilini.

Bi Time akatia kiwiko kwanza.

Nilisikia ukelele nikiwa ukumbini nikadhani ni mtoto. Nimeingia bafuni mbio, hodi sikupiga. Mtoto mzima. Kiwiko cha Bi Time chekundu, baada ya muda kikafanya lengelenge kubwa. Nimeitazama ile namba mara tatu. 120. Sielewi. Wallahi sielewi.

Jumamosi, 10 Oktoba

Fundi amekuja, safari hii hakucheka. Kushusha namba hakupoozi maji. Tangi lile limefunikwa kama chupa ya chai, yaliyopata moto jana yanakaa na moto wake mpaka leo. Namba huuamrisha umeme tu. Maji hayasikii amri.

Alipoondoka, Bi Time akasema nyuma ya mlango. Yeye ndiye aliyekuwa akizungusha, kila alasiri, apate maji ya kumkanda mwanawe. Akiona nimeirudisha, anapandisha tena. Hakuniambia, aliona haya. Na mimi sikumwambia, niliona haya. Siku tatu tumestahiana, na mtoto nusura tumbabue.

Nimemwomba radhi, mlango katikati.

"Ntoto hatiwi maji kwa namba, mwanangu," amenijibu.

Nimelia. Nadhani amesikia.

Jumatatu, 12 Oktoba

Gurudumu lipo 120. Bi Time amelitia alama ya wanja hapo, na tumekubaliana hakuna wa kuligusa. Maji ya kumkanda Mize, Bi Time anayachemsha uani, sufuria na kuni, kama kwao Ole. Mize anasema ndiyo maji hayo. Boila inaguna kidogo, kama mwanzo.

Mkono wa Bi Time bado umefungwa, na Mize hajaweza kuinama. Asubuhi nimeitwa bafuni kwa jina langu. Bi Time alisimama kando, kanga hadi puani, akielekeza. Maji baridi kwanza. Ya moto juu yake. Koroga. Nimekunja mkono wa shati, nikatia kiwiko, nikangoja.

Nikampokea. Rukia hakulia.