Na Huyu Alinyolewa na Nani?

Mjukuu wangu Mokaya,

Hapa Ikonge tu wazima, majani chai yanachumwa, na nyanya yako bado ananigombeza kwa afya njema. Unauliza paka wenu apakwe nini pale manyoya yalipotoka. Umepata fundi: nimetibu paka wa Nyamira nzima! Haya, ni uongo. Namjua paka mmoja tu, na aliniaibisha.

Nilikuwa kijana wa majivuno. Choa kilinitoka kichwani, duara kama shilingi, nikamvamia kinyozi Onsongo sokoni: "Mashine yako chafu! Umeniambukiza!" Wateja wakatoroka, hata aliyenyolewa nusu.

Jioni Onsongo akaja kwetu kujitetea mbele ya mama. Paka wangu, niliyezoea kulala naye shingoni, alikuwa mapajani pangu. Onsongo akamfunua manyoya nyuma ya sikio. Duara tupu lenye magamba, kama langu!

"Na huyu, bwana mkubwa, alinyolewa na nani?"

Mama yangu! Ilibidi nikae kwenye kiti cha Onsongo siku nzima ya soko, nikimwambia kila mpita njia kwamba aliyeniambukiza ni paka wangu, ndipo wateja warudi.

Sasa nasoma kwamba nawe una choa, na mama yako anamtafuta kinyozi wako! Nimetoka jasho. Mpelekeni paka kwa daktari wa mifugo, unawe mikono, usilale naye. Dawa ya kupe ya ng'ombe msimpake, atailamba.

Desemba nilimsingizia mbwa lile paja la kuku ulilokula. Nilipe fadhila hiyo: msomee mama yako barua hii kabla hajafika kwa kinyozi.

Babu yako