Anatafutwa Mtu wa Jina la Wickenshaw

Jumatatu, 5 Juni 2023

Nimepata kazi! Tangu nistaafu posta sijaamka na moyo wa namna hii.

Saa nne tumekutana kanisani — mimi katibu wa uwanja, Mchungaji Rosalind, na Barry nahodha wa timu yetu ya kriketi. Tumeusoma tena wosia wa mzee Gilbert Wickenshaw, wa mwaka 1611. Gilbert aliwaachia watu wa Netherbeck uwanja wake, huu huu tunaochezea, kwa sharti moja. Kila tarehe mosi Agosti jina la Wickenshaw liitwe mara tatu mlangoni mwa kanisa, na mtu mwenye jina hilo aitike. Awe amelala usiku saba mfululizo ndani ya parokia kabla ya siku hiyo. Asipopatikana wa kuitika, uwanja unarudi kwa warithi wa bwana aliyekuwa akimiliki ardhi yote ya Netherbeck. Na warithi wameshauza haki yao kwa kampuni ya ujenzi. Michoro tumeiona. Nyumba sitini!

Miaka thelathini na mmoja ameitika shemeji yangu Clifford. Mwezi Machi tumemzika. Hakuacha mtoto. Ndiye aliyekuwa Wickenshaw wa mwisho Netherbeck.

Barry akasema basi, Katibu, tumekwisha, tuanze kuuza magongo. Tumekwisha wapi! Dunia hii haiwezi kukosa Wickenshaw mmoja. Nimewaambia nitamtafuta mimi. Mtu aliyepeleka barua miaka thelathini na minane hashindwi kumpata mtu.

Nimemweleza Maureen akiwa anamenya viazi. Kanisikiliza mpaka mwisho, akaanza kiazi kingine. Clifford alikuwa kaka yake wa pekee, bado yuko kwenye majonzi.

Alhamisi, 8 Juni

Ramani ya dunia iko ukutani jikoni. Maureen kalalamika kwamba nimeziba kalenda. Kalenda itajiju!

Nimekesha — hapana, nimeshinda — kwenye kompyuta mpaka macho yanawasha. Sensa ya 1881: akina Wickenshaw mia mbili na kumi na wawili Uingereza nzima. Na kati yao mia moja sabini na mmoja wangeweza kutembea kwa miguu wakafika kanisani kwetu kabla ya chakula cha mchana! Jina zima lilikaa bonde moja kama kuku na vifaranga wake. Kisha viwanda vya pamba, kisha meli, wakatawanyika. Leo nimehesabu tisini na wanne hapa nchini, thelathini na mmoja Kanada, kumi na tisa Australia. Mmoja yuko Peru! Anafanya nini huko jamani?

Pini nyekundu zimeniishia. Nimeendelea na vifungo vya mashati.

Jumamosi, 17 Juni

Leo nimepanda kilimani kwenda Wickenshaw penyewe. Watu wengi hapa hawajui kwamba jina ni mahali. Kuta tatu zisizo na paa, kondoo wanne, mti mmoja wa matunda mekundu. Ndiyo hiyo. Kwenye kuta hizo tatu ndiko walikotoka wote, hadi yule wa Peru!

Nimesimama pale kwenye upepo, machozi yananitoka kama mjinga. Upepo ulichangia.

Kwenye kumbukumbu za baraza la zamani yupo mmoja tu, mwaka 1332: Adam wa Wickenshaw, ametozwa faini kwa sababu nguruwe wake waliingia shamba la kasisi. Wa kwanza kabisa! Na utamu wake ni huu. Wakati huo Adam hakuwa akiishi kilimani. Alikuwa ameshahamia huku chini kijijini. Ndivyo majina haya yalivyozaliwa. Ukiwa bado kwenu, nani atakuita kwa jina la kwenu? Wote mnaishi hapo. Mpaka ushuke, ukae kati ya wageni, ndipo wanasema yule Adam, yule wa Wickenshaw, mwenye nguruwe wasumbufu.

Nimemsimulia Maureen chai ikiwa mezani. Nilisimama kabisa, mikono juu. Akasema:

"Kwa hiyo Adam alihama kwao, ndiyo akapata jina."

"Ndiyo!"

"Mimi nilihama mtaa wa tatu, nikalipoteza."

Nikacheka. Maureen ana utani wake.

Jumatano, 28 Juni

Barua hamsini na tatu nimetuma. Majibu tisa!

Wa Rochdale: hawezi kuacha njiwa wake wa mashindano usiku saba. Njiwa! Wa Halifax: hakanyagi Netherbeck mpaka kiama, kwa sababu babu yake alidhulumiwa saa ya ukutani na babu yake Clifford. Nimemwandikia kwamba Clifford amefariki. Kajibu kwamba saa haijafariki. Wa Preston: goti linafanyiwa upasuaji. Wa Peru ni padri mmisionari, ana miaka themanini na minane, ametuombea dua. Asante sana, padri.

Barry kaniuliza kwenye baa, tena kwa sauti ili wote wasikie, kama nimejaribu makaburini, maana huko wamejaa. Wamecheka mpaka wakamwaga bia. Mimi pia. Lakini nilipotoka nje niliuona uwanja, wasichana wadogo wanajifunza kurusha mpira. Siku thelathini na nne zimebaki.

Jumapili, 9 Julai

Leo nusu nifurahi, nusu nipigwe kikombe kichwani.

Simu imelia wakati wa chakula. Bi Sheila Wickenshaw wa Bradford. Kwa kuzaliwa yeye si Wickenshaw, aliolewa na mmoja akaachika miaka ya tisini, jina akabaki nalo. Anauliza je, anahesabika? Nikafungua wosia pale pale, karibu na bakuli la njegere. Gilbert kaandika mtu wa jina, hakuandika mtu wa damu. Nikapiga kelele: unahesabika, mama, unahesabika kabisa!

Furaha ya dakika mbili. Kumbe mwisho wa Julai anakwenda likizo kisiwa cha Tenerife na mabibi wenzake, tiketi wameshakata. Alitaka kujua tu.

Nilipokata simu Maureen alikuwa ameweka uma chini.

"Desmond. Huyo aliolewa nalo, akaachika, anahesabika."

"Kwa mujibu wa wosia, ndiyo."

"Na mimi niliyezaliwa nalo, nikabatizwa nalo kanisa lile lile, sihesabiki."

"Wewe ni Haigh, mpenzi."

"Ramani nzima hiyo. Una pini Peru. Hapa jikoni una nini?"

Nikamwambia pini huwekwa kwa watu wenye jina hilo leo, ndiyo taratibu ya utafiti. Hapo ndipo alipokitazama kikombe. Akasema anaweza kulirudisha: karatasi moja, mashahidi wawili, kwisha habari. Nikasema ya nini, watu watatucheka, watasema tumeachana uzeeni. Mke wangu jina lake Maureen Haigh. Miaka arobaini na mmoja!

Ameosha vyombo mwenyewe. Sahani zilikuwa zinaongea.

Ijumaa, 14 Julai

AMEPATIKANA!!

Dale Wickenshaw, Ontario, Kanada. Miaka hamsini na miwili, fundi wa majokofu. Kaniandikia barua pepe ndefu kama treni. Anasema kila mahali alikoishi ameulizwa jina lako la wapi, na hakuwahi kuwa na jibu. Nilimpelekea picha ya zile kuta tatu. Ameiweka kwenye fremu! Anakuja. Kwa gharama zake. Anatua tarehe 25, analala kwetu, chumba cha binti yetu Janine.

Nimekimbia — mimi, na nyonga yangu hii — mpaka kwa Mchungaji Rosalind. Amenikumbatia. Barry kanipa bia bila kutia neno, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nimemwambia Maureen: umeona? Hakuna haja ya karatasi zako. Akajibu:

"Nimefurahi kwa ajili ya uwanja."

Usiku huu nitalala kama mtoto.

Jumatano, 26 Julai

Dale kafika leo jioni badala ya jana. Ndege ilizuiwa Toronto kwa radi. Nimehesabu kwa vidole: 26, 27, 28, 29, 30, 31, mosi. Saba! Tumeponea chupuchupu.

Jitu lenyewe! Anainama kwenye milango yote. Na pua — pua ya Clifford, nusura niangushe begi lake. Miaka mia moja na hamsini ng'ambo, pua imerudi na tiketi ya kawaida. Maureen alipomfungulia mlango alishika mdomo. Kisha akamshika yule mwanamume mashavu, kama vile anapima tikiti. Dale anamwita shangazi. Nani kamfundisha?

Jumamosi, 29 Julai

Nimempandisha Dale kilimani. Maureen naye kaja, na viatu vyake vya bustani. Dale kapiga magoti kwenye mlango ambao haupo. Akalia wazi wazi, hajali kondoo. Maureen akamwonyesha jiwe ambalo Clifford alikalia siku alipovunjika mkono akiwa na miaka tisa. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Zikafuata nyingine sita, zote mpya kwangu. Nikabaki kuwashikia makoti.

Jumatatu, 31 Julai

Nianzie wapi?

Saa tano asubuhi Mchungaji Rosalind kaja na kalenda, kukagua. Ni mtaratibu sana yule mama. Amehesabu mara mbili, akavua miwani.

"Desmond, wosia unasema usiku. Wewe umehesabu siku. Usiku wa 26 mpaka wa leo ni sita."

Sita! Nikahesabu tena. Vidole vile vile vilivyonipa saba! Ile mosi niliihesabu mimi, na usiku wa mosi haulalwi kabla ya mosi. Mpumbavu! Mtu wa posta mzima!

Nikasema nani atajua? Mchungaji akanikumbusha: mwanasheria wa kampuni kesho atakuwepo, na tiketi ya ndege ya Dale ina tarehe. Dale kakaa na mikono usoni, anasema angejua angekuja kwa kuogelea. Mimi nikakaa sakafuni, chini ya ramani. Sioni aibu kuandika kwamba nililia. Nyumba sitini, na kosa ni langu.

Maureen akatoka. Akarudi na bahasha, akaiweka mezani karibu na siagi.

Hati ya kubadili jina. Maureen Wickenshaw. Imesainiwa Alhamisi, 20 Julai. Mashahidi: msusi wake na Barry. BARRY! Ndiyo maana wiki iliyopita kaninunulia bia tena!

"Usiku saba?" akasema. "Kufika kesho asubuhi nitakuwa nimelala kumi na mbili. Tena karibu na mtu anayekoroma, wangenihesabia mara mbili."

Mchungaji amecheka mpaka akaketi. Dale akamnyanyua shangazi yake juu, viatu vikaanguka. Nami nikaruka, niliruka kweli! Tumeokoka! Nikambusu kichwani, nikasema una akili wewe mwanamke, basi kesho uitike, na keshokutwa tuchane hiyo karatasi, urudi kuwa Haigh.

Maureen akaokota viatu vyake.

"Hapana, Desmond. Leseni ya gari nimeshatuma. Benki wanajua. Janine anajua."

"Kwa ajili ya uwanja, lakini."

"Uwanja umenipa sababu. Nilikuwa nalo kabla yako, nikaliacha siku ya harusi saa nane mchana, na hakuna hata mtu aliyeniuliza. Clifford alikufa, mkasema wa mwisho amekwisha. Nami nimekaa pale kiti cha mbele, nimevaa nyeusi."

Nikamuuliza kama ananiacha. Akasema niache upuuzi, chai ya kesho atanipikia nani.

Ni kweli. Lakini nimeumia, siwezi kujidanganya humu. Nimekwenda uwanjani peke yangu nikazunguka mara tatu. Haigh nalo ni jina la mahali, baba yangu alilionea fahari. Nilimpa nikidhani ni zawadi. Tatizo lingine ni kwamba kesho katibu ndiye anayethibitisha kwa kinywa chake: mtu huyu namjua kwa jina hili. Bila hivyo hakuna mwitiko. Na katibu ni mimi.

Jumanne, 1 Agosti

Saa mbili asubuhi. Jua! Watu wameshaanza kupanda kwenda kanisani, nawaona dirishani, na Barry kavaa tai. Mkate wa ngano mpya, wa ibada ya mavuno ya leo, umepita umefunikwa kitambaa cheupe. Dale amekula soseji tano. Moyo unanidunda kama nabatizwa.

Maureen kashuka. Gauni la bluu. Amesimama kwenye ngazi ya chini, mkono kwenye ukingo, ananitazama.

Simu. Mchungaji Rosalind. Anataka kuliandika jina kwenye kitabu kabla kengele hazijaanza, na kitabu kinataka liwe limetoka kinywani mwa katibu. Mwanasheria amesimama pembeni yake, anasikiliza.

"Desmond? Nimwandike nani?"

Nimemwambia asubiri kidogo, natafuta kalamu.

Kalamu ninayo. Ndiyo hii ninayoandikia.