Foleni Isiposogea

Mpendwa mshauri Mama Mable, naomba msaada wako, nimeandika barua hii mara mbili nikaichana kwa aibu, na hii ya tatu naituma kabla sijaisoma tena.

Mimi naitwa Bwire, mtu wa Masaba, lakini naishi hapa Busia mjini kwa sababu ya kazi, ni ajenti wa kliaringi, mwaka wa kumi na moja sasa nashughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka, tena ni mzee wa kanisa, na watu wananijua kwa jambo moja, kwamba naweza kuthibitisha Mungu yuko bila kufungua Biblia. Nawaambia hivi, angalieni foleni ya malori inayokwenda getini, lori la nyuma linasubiri la mbele, na hilo nalo linasubiri lililo mbele yake, sasa kama kila moja linasubiri jingine na foleni haina kichwa, hakuna ambalo lingesogea hata hatua moja, lakini tunaona yanasogea, basi lazima mbele kabisa yuko mmoja asiyesubiri mtu, na huyo ndiye tunamwita Mungu. Watu wanapiga makofi, hata madereva.

Sasa Mama, mwezi wa tatu tulizika mtoto wetu wa pekee, mvulana wa miaka minne, homa ya siku tano tu, na tangu siku ile bibi yangu Justine hakuomba tena, hata chakula anakula bila kufumba macho, nikanyamaza nikijua ni uchungu, mpaka asubuhi moja alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo akaniuliza, "Bwire, hivi kweli Mungu yuko?" Na mimi kazi yangu ni kwamba mtu akileta swali natoa karatasi, ndivyo nilivyozoea, nikaenda kuleta daftari langu la hoja nikamfundisha saa nzima. Yeye hakusema kitu, akaendelea na maharagwe, nikajua amekubali.

Nina rafiki, Ekaju, mwalimu wa hesabu kutoka Tororo, yeye hasadiki kabisa kwamba kuna Mungu, na Jumapili mchana huwa anakuja kwangu tunashindana, wazee wenzangu wa kanisa wanakuja kusikiliza. Jumapili iliyopita nikamwekea foleni yangu, akajaribu huku akajaribu kule, akakwama, wazee wakashangilia sana. Justine alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini akasema, "Na foleni isiposogea?" Nikamjibu kwa upole kwamba hata foleni iliyosimama ina kichwa. Akasema, "Basi huyo aliye mbele ndiye alifunga geti wakati mtoto wangu anahema." Hapo ndipo, Mama, nilitamka neno ambalo sijui lilitoka wapi, nilisema, "Hiyo si hoja, hayo ni machozi." Wawili watatu wakacheka. Ekaju hakucheka, alikusanya vikombe akavipeleka jikoni, nikamsikia anamuuliza Justine mtoto alikuwa anapenda mchezo gani, na bibi yangu akaongea, akaongea, sijamsikia akiongea vile tangu mazishi, na mimi nimekaa pale sebuleni na ushindi wangu.

Kesho yake Justine akaenda kwao Nabuyoga. Simu hapokei. Jumamosi nakwenda kumfuata, kwa hivyo naomba unisaidie, wewe ni mtu umesoma, nipe hoja moja isiyovunjika, hata na yeye asiweze kuivunja, ili arudi nyumbani na arudi kwa Mungu. Na kuna jambo lingine, hili sijamwambia mtu. Siku hizi nikiomba peke yangu naona kama naongea na ukuta, ndipo nafungua daftari nasoma hoja zangu mpaka naamini tena kidogo. Nisaidie Mama, nyumba imekuwa kubwa.

Bwire, Busia

MAMA MABLE ANAJIBU

Bwire, pole. Pole sana baba. Naanza hapo kwa sababu katika barua yako yote sijaona aliyekupa pole, wala sijaona umempa mtu. Sasa keti vizuri nikugombeze.

We mwanamume! Mkeo anakuuliza swali na ungo mapajani, wewe unakimbilia daftari? Pale getini mtu akikosa karatasi unamtafutia karatasi, vyema, hiyo ni kazi yako na unalipwa. Justine alikosa mtoto. Siku ile alitaka mtu wa kulia naye, akapata mwalimu. Na alipokaa kimya ukadhani amekubali! Kimya cha mwanamke aliyefiwa hakisomwi hivyo, Bwire, na kwa miaka yenu ya ndoa ungekuwa umejua.

Hoja yako si mbaya. Nimeizungusha kichwani tangu Jumanne, nikipika, nikifua, na sijaona pa kuivunja upesi. Haya, tuseme imesimama. Imekupa nini? Imekupa mmoja aliye mbele ya foleni, basi. Haijakuambia kama anamjua dereva aliye kule nyuma kabisa, kama anajua hajala tangu jana, kama anamhurumia. Mkeo aliuliza hilo hasa, tena kwa sentensi moja, katikati ya kuwamiminia chai. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizosemwa sebuleni kwako Jumapili ile, na wewe ukaiita machozi. Machozi yapo, ndiyo. Soma mwisho wa barua yako. Yamo mle daftarini mwako, na unayasoma kila ukishindwa kuomba.

Mimi nasadiki. Nimezika mume, nimezika dada, na bado nasadiki, na hakuna aliyenishinda kwa maneno nikafika hapo. Huo ukuta wako naujua. Kuna miezi nimeomba mbele yake na nikaendelea kuomba vivyo hivyo, kwa ukaidi tu. Lakini jibu la swali la Justine sina, na atakayekuambia analo, mwogope.

Kwa hiyo hoja sikupi. Nakupa kazi.

Jumamosi nenda Nabuyoga, na uende kama mkwe anavyokwenda: sukari, sabuni, nyama, na heshima yako yote kwa mama mkwe. Daftari liache Busia. Wale wazee waliocheka nao waache huko huko. Ukitaka mtu wa kukusindikiza, mchukue Ekaju. Naam, huyo asiyesadiki. Yeye ndiye aliyejua la kuuliza, na usione wivu, jifunze.

Usiende kumrudisha. Nenda kumuomba msamaha kwa lile neno, ulitaje neno lenyewe, usilizungukezunguke. Kama wako shambani, shika jembe ulime naye. Akisema hataki kurudi bado, rudi peke yako, na wiki ijayo uende tena. Akikuuliza kama Mungu yuko, mwambie ukweli wote: kwamba unaamini, kwamba siku hizi unaona ukuta, na kwamba hujui kwa nini foleni ilisimama. Hajawahi kusikia neno "sijui" kinywani mwako, maskini. Huenda ndilo amekuwa akilingojea.

Na la mwisho. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja. Jina langu limo. La Ekaju limo. Mungu umemtaja mpaka nimechoka. Jina la mtoto halimo, hata mara moja, na nadhani nyumbani kwenu pia halitajwi. Ukifika Nabuyoga, kabla ya salamu ndefu, litamke mbele ya mama yake. Kisha niandikie mstari mmoja tu, Bwire, nami nitauweka hapa gazetini peke yake: mwanenu alikuwa anaitwa nani?