Usivute Hewa ya Mtungi wa Manjano

Tottenham, London N17
Jumanne, 11 Novemba 2003

Mpendwa mpwa wangu Kizito,

Pokea salamu zangu mimi mjomba wako, na za mke wangu Euphrasie, na za watoto, ambao wanakuelewa vizuri kwenye simu ila majibu yao ni Kiingereza tu. Hujambo? Malaria ya mwezi wa tisa imekuachia? Na dada yangu Adelina, mama yako, mguu unamruhusu kwenda sokoni? Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza. Wazungu wamejifunga skafu mpaka machoni, mimi naenda kazini na shati moja.

Kizito, kabla sijasema lingine. Ule mtungi wa hewa niliokutumia mwezi wa tano, usiuvute. Usizame nao hata kwa kujaribu, hata penye maji ya magoti. Sasa kaa chini usome polepole.

Simu yako imezimwa tangu Jumamosi. Nimempigia jirani yenu mara nne, anasema umekwenda vijiji vya kaskazini kukamata samaki wa mapambo. Ndiyo maana barua hii anaibeba Stéphanie, binti wa kanisani kwetu. Anaruka kwa ndege Alhamisi, na ameniapia ataiweka mkononi mwako mwenyewe. Uliniandikia kwamba mtungi umeuweka chini ya kitanda, haujaguswa, unamsubiri mnunuzi wa samaki afike mwanzoni mwa Desemba ili ushuke chini kuliko wenzako wote. Maneno hayo yaliniletea furaha wakati ule. Sasa yananinyima chakula.

Nilikuambia mimi ndiye mkaguzi wa mitungi pale karakana ya Stratford. Kizito, mimi nafagia pale. Nafagia, naosha vyombo vya wazamiaji wanaotoka baharini, nasugua kutu. Katika kusugua kutu hakuna anayenifikia London nzima, hilo silifuti, nimerudisha visu vilivyokuwa vyeusi kama makaa vikawa vya kunyolea ndevu. Lakini mkaguzi ni Gurdial, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye karakana.

Mtungi wako ulikuwa kwenye vyuma vya kutupwa. Niliuomba, akanipa, akidhani nataka kuukata niufanye kengele ya kanisa. Nikausugua nje ukang'aa, nikaupaka rangi ya manjano. Ndani nikausuuza kwa maji ya bomba mara tatu, kama ninavyosuuza dumu. Halafu nikaona aibu. Unamkumbuka bibi yako, hakuwahi kumrudishia jirani sahani tupu, hata kama nyumbani kulikuwa na chumvi peke yake aliweka chumvi. Mimi nitume chombo kitupu kwa mtoto wa dada yangu? Jumapili Gurdial alipokwenda kusali, nikafungua karakana kwa ufunguo wangu wa kufagilia, nikaunganisha mtungi na kompresa, nikaujaza mpaka mshale wa kipimo ukagoma kupanda. Ndipo nikautia kwenye kontena la kuja huko.

Ijumaa iliyopita, tukila mchana, nikamsimulia Gurdial kwa kujisifu.

"Ndani ulikausha?" akaniuliza.

"Maji kidogo yana nini, bwana? Nimemjazia hewa safi ya Uingereza!"

Akaweka chapati chini. "Séraphin, umemtumia mtoto kifo, na rangi umepaka juu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanipeleka kwenye mtungi wa chuma ulioletwa siku ile, uliokaa umejaa miaka mingi ghalani kwa mtu. Akawasha mshumaa ndani ya ndoo, akaingiza hewa ya mtungi ule taratibu kwa mpira mwembamba. Mshumaa haukupeperuka. Ulififia tu, ukafa. Hewa yote ilipokwisha kutoka akafungua vali, akauinamisha. Yakatoka maji ya rangi ya chai, na magamba ya kutu.

"Kutu inapumua, bwana," akasema. "Inakula sehemu ile ile ya hewa unayoitaka wewe. Ikimaliza, mshale bado unasema mtungi umejaa. Mtu anavuta vizuri, hakabwi, hakohoi. Analala. Na amelala chini ya maji."

Nilikaa juu ya ndoo yangu ya kufagilia.

Basi fanya hivi. Utoe mtungi nje, mahali pa wazi, si ndani ya nyumba. Ufungue vali kidogo kidogo, uso wako ukiwa mbali, uache mpaka kimya kabisa. Vali ikikwama usiigonge na nyundo, nipigie simu. Mtungi ukishakuwa mtupu, mpe fundi autoboe tundu kubwa ili asije mtu akauokota akaujaza. Usimuuzie mtu. Usimpe rafiki.

Na mawese unayopaka kwenye vali zako, acha leo hii. Gurdial anasema mafuta na hewa ya nguvu vinaweza kuwaka moto. Visu na vifungo vikishika kutu, viloweke kwenye siki, visugue na mswaki mzee, suuza, kausha kivulini. Usijidanganye kwamba ziwa letu halina chumvi. Maji ni maji. Na hata mtungi ulio salama usiumalize hewa yote ukiwa chini, bakiza kidogo, maji yasipate njia ya kuingia.

Najua utasema mjomba ameanza hadithi zake. Haya. Ile habari ya kuzamia mto Thames nikatoa pete ya bibi harusi: niliingia mpaka magotini, na pete aliiona mbwa. Nimekupa hilo ili uniamini hili.

Nakuomba jambo moja gumu. Wenzako ufukweni wote wamesikia sifa za mtungi wa mjomba wa London, na yeyote anaweza kuuazima ukiwa safarini. Wakusanye, uwasomee barua hii kwa sauti, pamoja na pale nilipoandika nafagia. Usiruke.

Msalimie mama yako Adelina, nduguyo Israël na shangazi Chancelle. Mungu aliyekutoa vitani ukiwa mgongoni mwa mama yako, akushike na majini.

Nikikuandikia siku nyingine kwamba nimefanya makubwa, cheka kama ulivyozoea, sitakasirika. Hii ya leo usiicheke. Ukishaufungua, nipigie, hata kama salio ni la kusema neno moja.

Ni mimi nikupendaye sana,
Mjomba Séraphin