Nanasi Lisiloonekana

Mpendwa mshauri, naomba msaada na uniharakishie, maana mama mkwe anaondoka Jumamosi na mficha uchi hazai, basi najifunua. Mimi ni fundi wa viyoyozi, mwaka jana niliacha sigara, mke wangu akatangaza kwa ukoo mzima, mama mkwe akanipigia simu kunibariki, kumbe mwenzenu nimehamia kwenye sigara ya umeme, ile ya kuchaji kama simu, yenye ladha ya nanasi, navuta chumbani mlango nimefunga mke akiwa kazini, nikijua mvuke si moshi, unapotea wenyewe. Sasa mama mkwe amekuja kukaa kwetu atibiwe pumu, chumba chake kimepakana na chetu, siku ya tatu tu akauliza, "Baba, kuna nanasi humu?" nikasema hakuna, kesho yake akauliza tena, nikasema labda la jirani, basi mchana nikamkuta jikoni anapekua friji, akafunua mpaka sufuria, akachungulia pipa la taka kutafuta maganda, huku anakohoa, jamani nilitamani ardhi inimeze. Juzi akamwambia mke wangu kwa machozi, "Mwanangu, mimi si mroho, lakini kujifungia mkala nanasi, mimi mgonjwa niambulie harufu, limenichoma. Nipelekeni kwa kaka yako." Mke ameninunia, ananiita mchoyo, nimeleta mananasi mawili mama hakuyagusa, na kikohozi kimezidi, dawa yake ya kupuliza haimtoki mkononi. Nikisema ukweli naaibika kwa mkwe, nikinyamaza nabaki mchoyo, na kusema kweli uchoyo naona una nafuu. Nifanyeje?

Fundi Niliyebanwa

Fundi, pole. Pole nimeshakupa, sasa kaa vizuri. Yaani kutwa uko juu ya ngazi unawasafishia watu hewa, ukirudi kwako unamchafulia mgonjwa? Mvuke haukupotea, baba, ulipita chini ya mlango ukaenda kumsalimia mama mkwe. Na kunukia nanasi hakuufanyi tunda. Una kemikali zake, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuzilipia kwa kifua chake.

Halafu eti uchoyo una nafuu! Nafuu kwa nani? Yule mama halilii nanasi, loh! Analia kwa sababu anaamini mkwe aliyembariki hamtaki nyumbani kwake. Unataka aondoke na hilo moyoni, ili wewe ubaki na sifa ya mapafu mapya?

Leo hii mwambie mkeo. Atafoka, mwache afoke mpaka achoke, usijitetee. Kisha nenda kwa mama na hicho kidude mkononi, umweleze kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtu. Fungua madirisha, fua mapazia na mashuka, na daktari wake aambiwe mama alichokuwa akivuta bila kujua, asije akaongezewa dawa bure. Kuanzia sasa ndani ya nyumba hauvutwi mvuke, si chooni, si dirishani, si "kidogo tu". Ikikushinda toka nje, mbali na dirisha la mama, na nenda kituo cha afya wakusaidie kuacha kweli safari hii.

Halafu chukua nanasi moja kati ya yale mawili, limenye mbele yake, kipande cha kwanza umpe yeye. Akikataa usimlazimishe. Kaa naye tu, mlango ukiwa wazi.