Springi Ulizozibadilisha Bila Kunambia

Baba,

Salamu zako nitakupa mwisho. Leo siwezi kuanza nazo, nina neno la kukwambia kwanza.

Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, na gari yangu bado naipeleka kwa Kassim, yule fundi mwenzio wa miaka yote pale Ganjoni. Leo nilitaka anitazamie breki tu. Akapiga jeki, akavua gurudumu la mbele, nikachutama kando yake na majivuno yangu. "Waziona springi hizo? Mwaka wa nne tangu nizikate, hazijanisumbua hata siku moja."

Kassim akanitazama. "Hizi hazikukatwa," akasema, akaniwekea tochi kwenye bolti. Juu yake palikuwa na nukta nyekundu.

Ile nukta naijua, baba. Mama alipoacha kupaka rangi ya kucha kwa ajili ya udhu, wewe ulikitwaa kichupa chake ukakipeleka gereji, na kila bolti uliyoikaza kwa mkono wako ukaitia nukta, ili usije ukaisahau. Wenzio wakikucheka: "Mzee, leo bibi arusi ni gari gani?" Ukicheka nao, huku unapaka.

Unakumbuka tulivyogombana. Nilitaka gari ikae chini, nipendeze barabarani. Ukanijibu huku ukipangusa mikono: "Wataka ishuke? Haya, sikukatazi. Nunua springi zilotengezwa fupi, na shokomzoba zake, kisha twende tukapimishe magurudumu. Lakini springi ya kukata haishiki kitakoni. Siku gari ikiruka tuta, itatoka mahali pake." Mimi nikaona ni maneno ya kizee. Nikamtafuta mtu mwenye grainda, akazikata zote nne kwa saa moja. Ulipoiona gari uliizunguka mara moja, ukaenda zako. Nilidhani nimekushinda.

Kisha nikaenda arusini Lamu siku nne, nikakuachia funguo. Niliporudi, gari ilikuwa imeoshwa, tena imepanda kama upana wa kidole. Nikakuuliza. "Imepumzika," ukasema, ukanimiminia chai. Nikaamini! Mtu mzima na akili zangu, nikaamini gari imepumzika. Hata ilipoanza kwenda laini kuliko mwanzo, nilijisifu mwenyewe.

Leo Kassim amenieleza yote. Kwamba mlizitoa pamoja nilipokuwa Lamu, mkatia zilizotengenezwa fupi, na moja ya zile za zamani ilikuwa imeshaingia ufa pale ilipopita grainda. Kwamba ulimwapisha. "Usimwambie," ulisema. "Atatahayari."

Nilikaa chini palepale kwenye mafuta, na suruali yangu ya kazini. Miaka hiyo yote nilikuwa nikimpeleka mama hospitali kwa gari ile, nikidhani nina bahati. Kumbe nilikuwa na baba. Machozi yalikuwa yanakuja, ya shukrani, mara nikamkumbuka Omari.

Omari mdogo wangu amekata zake mwezi uliopita, baba. Ni mimi niliyemshauri. Alikuja ana wasiwasi, akanikumbusha kwamba wewe ulikuwa ukikataza, nami nikampiga bega: "Na yangu je? Si hii hapa?" Tangu siku hiyo huzunguka Tudor kila siku, mkewe mbele, pacha wao nyuma.

Nikampigia simu. "Uko wapi?"

"Nimewatoa watoto skuli, twarudi."

"Simama hapo hapo. Usiruke hata tuta moja."

Akacheka. "Si wewe ulosema—"

"Omari, simama!"

Nafikiri hajawahi kunisikia nikipiga kelele vile, kwani kicheko kilimkatika.

Gari yake ilikokotwa mpaka kwa Kassim. Ilipoinuliwa kwa jeki, springi ya nyuma ikabaki inacheza, haijashika juu wala chini. Niliizungusha kwa vidole viwili. Vidole viwili, baba! Omari aliitazama, akageuka kuwatazama watoto wake, waliokuwa wamekaa kwenye benchi wanamumunya mabuyu, midomo myekundu. Mkewe ndiye aliyeniuliza, "Shemeji, wewe ulijua?"

Nimekukasirikia. Si adabu kumkasirikia aliye kaburini, lakini nitalisema, kwani sina mwingine wa kumwambia. Ulinisitiri mimi, na sitara hiyo ikakaribia kumzika Omari na wanawe. Ungenambia tu. Ningenuna wiki nzima, ningekula kwa mama bila kukutazama usoni, kisha yangeisha, na ningejua. Nilipokuwa nikijigamba barazani, wewe umekaa pembeni na kikombe chako, ulikuwa ukifikiri nini?

Kesho Kassim anamtilia Omari springi zilizotengenezwa fupi, na shokomzoba zake, kama ulivyotaka wewe. Bolti nitazikaza mimi. Mama amenipa kichupa kipya cha rangi, nyekundu ileile.

Sasa salamu zako. Mama hajambo, anakuombea kila baada ya sala. Pacha wameanza chuo cha Kurani na tayari wanamchosha mwalimu. Omari hajambo, alhamdulillahi, na neno hilo leo nalitamka kwa uzito wake.

Nami nilimjibu shemeji yangu. Nilisimama mbele yake, mbele ya Omari na mafundi wote, nikaeleza nilichokata, ulichobadilisha, na nilichojigamba nacho miaka minne. Nilitahayari, baba, mpaka masikio yakapata moto.

Na sikufa.

Mwanao mkubwa